Usiandike "mkono" bado: mwongozo kamili wa neno la Kiingereza "hand"

Msimu mmoja wa kujiunga na vyuo, mzee mmoja kutoka upande wa Vihiga aliingia kwenye kibanda changu cha kuchapa na kutafsiri barua, hatua chache kutoka soko la Kibuye hapa Kisumu. Binti yake alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi. Barua ilikuja na orodha ndefu: viatu vyeusi visivyo na kisigino, shuka jozi mbili, ndoo, na chini kabisa "a watch with a second hand". Foleni ilikuwa imefika mlangoni, stima ilikuwa imepotea mara mbili asubuhi hiyo, nami nikasoma mbiombio.

"Saa ya mtumba, mzee wangu," nikamwambia. "Hawataki mje na ya bei."

Alifurahi sana. Chuo kinachowafikiria wasio nacho! Akavuka barabara, akapekua meza ya saa kuukuu pale sokoni, akapata moja yenye mkanda wa ngozi na mishale miwili. Wiki mbili baadaye alirudi nayo mkononi. Mtoto ameambiwa saa hii haifai, haina mshale wa sekunde. Muuguzi hushika kifundo cha mkono wa mgonjwa, akahesabu mapigo huku jicho likiufuata mshale ule mwembamba unaozunguka. Bila huo, saa ni bangili tu.

Mzee hakunigombeza. Aliketi kwenye benchi akaniuliza, "Sasa madam, hiyo 'second hand' ni mtumba ama si mtumba?" Swali hilo ndilo lililonifanya nianze daftari. Mwongozo huu umetoka humo. Nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi, karani, mkalimani wa kanisani, na yeyote anayesomewa barua na mtoto wake wa darasa la nane. Ukitaka jambo moja tu la kushika, ni hili: neno "hand" likiwa peke yake halijakwambia kitu. Soma neno lililo mbele yake na lililo nyuma yake, ndipo uamue.

Hatua ya kwanza: jua mkono wao unaishia wapi

Anza na mwili wenyewe, maana hapo ndipo watu hudhani pako wazi. Mkono wetu huanza begani na kwisha kwenye ncha za vidole. Muingereza amekata kipande hicho mara mbili. Kuanzia begani hadi kwenye kifundo ni "arm". Kuanzia kifundo kwenda vidoleni ni "hand". Madaktari wakihesabu mifupa ya "hand" hupata 27: 8 ya kifundo, 5 ya kiganja na 14 ya vidole.

Majirani zangu Waluo hawasumbuki hapa, kwa sababu wana "bat" na "lwedo", maneno mawili kwa vipande viwili. Sisi Wamaragoli tuna "mukono" tu, na Kiswahili kiko upande wetu. Kwa hiyo mtu akianguka na bodaboda akavunjika juu ya kiwiko, halafu mwanawe akamjazia fomu ya bima kwamba ameumia "hand", amepunguza jeraha bila kujua. Fidia hupimwa kwa sehemu ya kiungo iliyoumia. Ukitafsiri kutoka Kiingereza, andika "kiganja", au "mkono, kuanzia kifundo kwenda chini". Ukitafsiri kwenda Kiingereza, muulize mwenyewe akuonyeshe kwa kidole.

Hatua ya pili: je, ni jina au ni tendo?

Tazama neno lililotangulia. Ukikuta "a", "the", "my", "his" au "her", una jina. Ukikuta "to", "will", "please" au jina la mtu anayetenda, una kitenzi, na hapo mkono wa nyama na mifupa umeondoka kabisa. Kilichobaki ni kutoa na kupokea.

Kitenzi hicho hutembea na kijineno nyuma yake, na hicho kijineno ndicho chenye amri. "Hand in" ni kuwasilisha: insha kwa mwalimu, fomu kwa karani, barua ya kujiuzulu kwa bosi. "Hand out" ni kugawa. "Hand back" ni kurudisha. "Hand over" ni kukabidhi, iwe funguo, ofisi au mshukiwa kwa polisi. "Hand down" ina sura mbili: bibi akimrithisha mjukuu chungu chake ni "hand down", na hakimu akitoa hukumu ni "hand down" vilevile. Gazeti likisema jaji "handed down a 20-year sentence", usitafute mkono. Amemhukumu mtu kifungo cha miaka 20, basi.

Angalia vijineno hivyo vikigandishwa kuwa neno moja. "Handout" darasani ni karatasi za maelezo zinazogawiwa. "Handout" wakati wa kampeni ni zile noti za mia mbili ambazo mwanasiasa huziacha barabarani akiondoka, na kila mtu hapa Kondele anajua jinsi zinavyogombaniwa. Neno lilelile, karatasi zote mbili, lakini ukikosea moja kwa nyingine utamletea mwalimu wa watu kesi.

Hatua ya tatu: angalia kama "hand" ni mtu mzima

Hii huwanasa wengi. Kiingereza humwita mfanyakazi kwa kiungo anachofanyia kazi. "Farm hand" ni kibarua wa shambani. "Deck hand" ni baharia wa kazi za sitaha. "Hired hand" ni mtu wa kulipwa. Nahodha akipaza sauti "all hands on deck", anawaita mabaharia wote, wala hahesabu viganja. Na bosi akisema hivyohivyo ofisini Jumatatu asubuhi, anataka kila mtu aache chai yake aje kazini.

Nilishawahi kuona tangazo lililobandikwa kwenye mti njiani kwenda Ahero: "Tunahitaji mikono mitano ya shamba." Wapita njia walicheka, lakini aliyeandika alikuwa anafuata Kiingereza neno kwa neno. Sisi tukitaka kuhesabu watu hatuhesabu mikono. Tunahesabu vichwa, na hata hivyo ni pale tunapozungumzia kodi ya kichwa au ng'ombe.

"Old hand" ni mkongwe wa kazi, mzoefu. Si lazima awe mzee. Dereva wa matatu wa miaka 30 aliyeanza akiwa utingo tayari ni "old hand". "Short-handed" maana yake watu hawatoshi kazini. Usilichanganye na "shorthand", ambayo ni hati mkato, ule mwandiko wa mikunjo ambao makatibu mahususi walikuwa wakifundishwa zamani.

Hatua ya nne: angalia kama ni sehemu ya kitu

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo nilipoanguka mimi.

Saa kwanza. Vile vipande vinavyozunguka ni "hands". Kiswahili kinaviita mishale, wengine husema mikono ya saa, na kamusi zina neno zuri la kizamani, akrabu, kutoka Kiarabu, lenye maana ya nge. Mshale mfupi ni "hour hand", mrefu ni "minute hand", mwembamba wa haraka ni "second hand". Tatizo ni kwamba "second" nayo ina maana mbili, sekunde na ya pili. Kitu cha mkono wa pili, yaani kilichopita kwa mwenyewe wa kwanza kikakufikia wewe, ni "second-hand": mtumba.

Vitabu husema uangalie kistari. Kikiwepo ni mtumba, kisipokuwepo ni mshale. Kistari hicho usikitegemee sana. Wanaochapa barua za ofisi hukisahau, na hata vibao vya maduka ya magari hapa mjini hukiacha. Njia yangu ni kutazama kinachofuata. "Second hand" ikifuatwa na jina la kitu, kitu hicho ni cha mtumba: "a second hand watch", saa ya mtumba. Ikiwa imetanguliwa na "a" au "the" na hakuna jina nyuma yake, ni mshale: "a watch with a second hand", saa yenye mshale wa sekunde. Maneno yaleyale yamegeuzwa mpangilio tu. Lau ningetulia nikatazama kilicho nyuma, mzee wa watu asingepoteza pesa zake.

Mtumba hauko kwenye nguo na magari peke yake. Habari ya "second-hand" ni ya kusikia kwa mtu, na "first-hand" ni ya kuona mwenyewe. Moshi wa "second-hand" ni ule unaovutishwa na sigara ya mwenzako.

Na kwa kuwa tuko kwenye saa: mishale ni ileile, lakini tunaisoma tofauti. Mshale mfupi ukiwa kwenye 9, Muingereza anasema "nine", sisi tunasema saa tatu. Hesabu yetu inaanza jua linapochomoza. Inawezekana kwetu kwa sababu huku jua halihamihami. Ikweta inakatiza barabara ya Kisumu kwenda Busia pale Maseno, na alfajiri ya Januari na ya Julai haziachani kwa mbali. Ukitafsiri ratiba, badilisha saa kwa kuongeza au kutoa sita, kisha andika asubuhi, mchana, jioni au usiku. Usiache mtu akisie.

Ndizi sasa. Ukitembelea masoko ya Luanda au Mbale huko Vihiga utaona mkungu mzima umeegemezwa ukutani, na mama muuzaji anaukata safu baada ya safu. Safu moja ni chane. Muingereza anaiita "hand", na ndizi moja moja anaiita "finger". Kwa mara ya kwanza lugha mbili zinakutana, maana nasi kuna ndizi tunazoziita za kidole. Lakini chane haijawahi kuwa mkono. Aliyeandika kwenye kijitabu cha kilimo kwamba mkungu bora huwa na "mikono kumi" aliwachanganya wakulima bure. Angesema chane kumi, kila mtu angeelewa. Kuna, hata hivyo, ndizi kubwa ya kupika iitwayo mkono wa tembo. Hiyo ni aina ya ndizi, wala haihusiani na "hand" ya Kiingereza. Tangawizi nayo ina "hand", ule mzizi wenye matawi kama vidole. Kwenye mapishi andika "kipande kizima cha tangawizi".

Farasi. Hapa Kisumu utaishi miaka mingi bila kuulizwa, lakini huko Njoro na Naivasha kuna wafugaji, na nimeletewa karatasi moja ya mauzo iliyonitoa jasho. Urefu wa farasi hupimwa kwa "hands", kutoka ardhini hadi kwenye kilele cha mabega. "Hand" moja ni inchi 4, yaani sentimita 10.16. Mtego uko kwenye nukta. Farasi wa "14.2 hands" si kumi na nne na sehemu mbili za kumi. Ni "hands" 14 na inchi 2: inchi 58, karibu sentimita 147. Baada ya .3 inakuja namba nzima inayofuata, maana inchi nne zimeshatimia. Wala usiandike shibiri au dhiraa. Shibiri ni kidole gumba hadi kidole cha mwisho vikiwa vimetanuliwa, dhiraa ni kiwiko hadi ncha ya kidole, na vyote viwili ni virefu kuliko "hand". Weka sentimita, mambo yaishe.

Karata: "hand" ni zile karata ulizoshika, au mchezo mmoja hadi karata ziishe. Kutoka hapo wamepata "show your hand", kufichua mpango wako kabla ya wakati.

Mwandiko: barua iliyo "in her own hand" ameiandika yeye mwenyewe. Na ukitoa hati ya shamba kabatini, zile za kijani kibichi ambazo wazee hufunga kwenye karatasi ya nailoni, kuna uwezekano mkubwa utakuta mstari unaosema imetolewa "under my hand and the seal" ya ofisi ya ardhi ya wilaya. Mzee mmoja aliniuliza kama msajili aliweka kiganja juu ya hati yake, na wapi alama ya vidole. Maana yake ni kwamba msajili ametia saini yake na muhuri wa ofisi. "Hand" hapo ni saini.

Hatua ya tano: "give a hand" na ajali zake

Kanisa moja huko kwetu lilikuwa na harambee ya kununua vyombo vya kwaya. Mgeni wa heshima alizungumza Kiingereza, na kijana mmoja alisimama kando yake akitafsiri. Kwaya ikamaliza wimbo. Mgeni akasema, "Let us give them a hand!" Kijana, bila kupepesa, akasema, "Tuwape mkono!"

Wazee wa mstari wa mbele wakainuka. Mmoja akashika fimbo yake, akaenda hadi kwa soprano wa kwanza, akampa mkono. Wengine wakajipanga nyuma yake. Mgeni alisimama na viganja vyake vimekutana nusu, akisubiri makofi ambayo hayakuja, huku foleni ya pongezi ikizunguka madhabahu. Kwaya ilisalimiwa yote, watu 24, na hakuna aliyekosewa heshima. Mimi ningesema kijana alifanya vizuri kuliko alivyokusudia. Lakini alikosea.

"Give a hand" ina njia mbili. Ikifuatwa na "with" na kazi fulani, ni kusaidia: "give me a hand with this sack", nisaidie na gunia hili. "Lend a hand" ni hiyohiyo siku zote. Ikiwa kuna jukwaa, mshereheshaji, au neno "big" katikati, ni makofi: mpigieni makofi. Sisi tuna ya tatu, kumpa mtu mkono, ambayo ni kumsalimu au kumpongeza, na ndugu zake: mkono wa pole kwa mfiwa, mkono wa buriani kwa anayesafiri, mkono wa Idi. Muingereza akitaka hizo husema "shake hands".

Na tukitaja kupeana mikono hatuwezi kupita bila ile ya tarehe 9 Machi 2018, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga kwenye ngazi za Harambee House jijini Nairobi. Magazeti ya Kiswahili yalijaribu "salamu za maridhiano", lakini mtaani jina lilikuwa "handisheki" na limebaki hivyo. Ukiandika habari za siasa za Kenya, "handisheki" ni neno halali kabisa na lina maana yake pekee: mapatano ya mahasimu wawili wakubwa. Ukiandika mambo mengine, tumia "kupeana mikono". "Golden handshake" nayo ni pesa nyingi anazopewa mkubwa akiondolewa kazini. Kiswahili kina kiinua mgongo, kinachokaribiana nayo, ingawa hicho humfikia hata mfanyakazi wa kawaida. Wao wanashika mkono, sisi tunainua mgongo.

"Ask for her hand" ni kuposa. Huku kwetu mtu hapewi mkono wa binti kwa maneno matupu. Wajumbe wataenda, ng'ombe watajadiliwa. Lakini tafsiri ni moja: ameposa.

Hatua ya sita: chunga vijineno vya mbele

Hii ni hatua kavu, nami nitaipita kwa haraka, ila ikariri. "By hand" ina mbili: kwa mikono, bila mashine, kama nguo ya kufuliwa, au kwa kupelekewa, kama bahasha iliyoandikwa "BY HAND" juu yake, isiyopita posta. "At hand" ni karibu, au jambo lililo mbele yetu. "On hand" ni kilichopo tayari: bidhaa zilizoko dukani, au fundi aliye karibu akihitajika. "In hand" ni kilichobaki au kinachoshughulikiwa. Msimamo wa ligi ukisema timu ina "a game in hand", wana mechi moja pungufu ambayo hawajacheza. Watangazaji wetu husema wana mechi mkononi, na hapo Kiswahili kimekubali bila taabu.

"Out of hand" ndiyo ya hatari. Likitanguliwa na "get", mambo yamevuka mpaka, yamemshinda mtu: sherehe "got out of hand". Likitanguliwa na "reject" au "dismiss", maana inageuka kabisa: ombi limekataliwa papo hapo, bila hata kufikiriwa. Nimeona barua ya rufaa iliyotafsiriwa "ombi lako lilituponyoka mikononi", na mwombaji akakaa miezi akisubiri walitafute.

Kisha "on the one hand... on the other hand". Wanafunzi huniletea insha zimejaa "kwa mkono mmoja... kwa mkono mwingine". Andika "kwa upande mmoja" na "kwa upande mwingine" ukilazimika. Mara nyingi hulazimiki. Kiswahili kina "ilhali", kina "lakini", na kina kile kidogo cha ajabu, "naye, nayo, nacho". "Mahindi yamekauka. Mihogo nayo imestawi." Hiyo "nayo" imefanya kazi yote ya maneno manne ya Kiingereza.

Hatua ya saba: misemo yao na yetu

Msemo haubebwi na kiungo chake. Beba maana, kisha tafuta msemo wetu uliokaa hapo tayari, hata kama una pete, mkeka au chawa badala ya mkono.

"A bird in the hand" ukitaka kuitafsiri kwa ndege utachosha watu. Tuna "usiache mbachao kwa msala upitao". "Many hands make light work" inakaa vizuri kwenye "kidole kimoja hakivunji chawa". Anayeishi "from hand to mouth" anaishi kwa kijungujiko. Anayeuma mkono unaomlisha ametoa fadhila ya punda. Walio "hand in glove" ni chanda na pete, ila kuwa macho: chanda na pete ni mapenzi au urafiki mwema, wakati "hand in glove" mara nyingi ina harufu ya njama. Kama gazeti linasema polisi walikuwa "hand in glove" na walanguzi, andika "walikula njama".

Kwingine tunalingana. Kunawa mikono ni kujitoa lawamani kwa lugha zote mbili, kwa sababu sote tulimsoma Pilato katika Mathayo 27. Lakini kwenye uwanja wa mpira, mchezaji akiunawa mpira ameugusa kwa mkono, na mwamuzi anapuliza. Ndiyo "handball" hiyo. Bao la Diego Maradona dhidi ya Uingereza, tarehe 22 Juni 1986 huko Mexico, yeye mwenyewe alilihusisha na mkono wa Mungu, na jina likabaki. Kwetu "mkono wa Mungu" ni baraka, ni kupona ajalini, ni mtihani uliopita bila kutarajia. Ukitafsiri habari ya bao lile, ongeza neno "lile bao la" mbele yake, la sivyo bibi yako ataitikia amina.

Nasi tuna mikono yetu ambayo Muingereza hana. Mkono wa birika ni bahili. Mwenye mkono mrefu ni mwizi, ingawa serikali yenye mkono mrefu inakupata popote ulipo. Mkono wa kulia wa bosi ni msaidizi wake mkuu, na huyo wao pia wanaye, "right-hand man". Ukienda kwa Kiingereza, msemo wa mkono wa birika usiuguse. Sema tu kwamba mtu huyo hatoi.

Ndugu wa mbali wasikubabaishe. "Handsome" ina "hand" ndani yake, na zamani ilimaanisha kitu rahisi kushika au kutumia, kabla haijawa mwanamume mwenye sura nzuri. "Handicap" ilitoka kwenye mchezo wa kubadilishana vitu ambapo watu walitia mikono kwenye kofia. Kwa watu, andika ulemavu, na "mtu mwenye ulemavu". "Handkerchief" ni hankachifu au leso, "handcuffs" ni pingu, "handbrake" ni hendibreki kwa fundi yeyote wa Nakuru.

Hatua ya nane: jaribu barua nzima

Hii niliitunga kwa mfano wa zile zinazotoka mashambani upande wa Njoro. Funika tafsiri kwa kiganja uone utafika wapi.

"We are short of hands this season. The foreman, an old hand at milking, will hand over the keys on Friday. The matter of the missing feed had got out of hand, but I have it in hand now. The maize, on the other hand, is doing well. Send the receipts by hand."

Pitia moja moja. "Short of hands", watu. "Old hand", mtu mmoja mwenye ujuzi. "Hand over", kitenzi, na kijineno kinasema kukabidhi. "Got out of hand", imetanguliwa na "got", kwa hiyo yamemshinda. "In hand", anashughulikia. "On the other hand", tafuta "nayo". "By hand" ndiyo ya kuulizia: hakuna nguo ya kufuliwa hapa, ni risiti, kwa hiyo apewe mtu azilete.

"Msimu huu tumepungukiwa na vibarua. Msimamizi, ambaye ni mkongwe wa kukama, atakabidhi funguo Ijumaa. Suala la chakula cha ng'ombe kilichopotea lilikuwa limetushinda, lakini sasa ninalishughulikia. Mahindi nayo yanaendelea vizuri. Risiti mpe mtu anayekuja huku aniletee."

"Hand" zilikuwa saba. Hesabu sasa uone umeandika "mkono" mara ngapi.